Mbavu Kumi na Sita

Balsa ni mti usiojua kujivuna. Ukiushika ubao wake, mkono unajiandaa kubeba, kisha hauoni cha kubeba, na wewe unabaki umeduwaa kama mtu aliyesikia akiitwa katika ndoto. Mimi nimezoea mwembe na mkangazi. Vitanda vyangu viko Msambweni, viko Bongwe, na makabati yangu mawili yamefika Diani katika nyumba zenye walinzi. Mimi Kheri wa Chirau sijapata kurudishiwa kazi hata siku moja. Lakini tangu Johnstone, fundi wa umeme wa hoteli, aniletee sanduku la mbao za balsa lililoachwa na mgeni mmoja, nilikuwa nikikata kwa wembe badala ya msumeno, na nikishusha pumzi polepole nisije nikaipeperusha kazi yangu mwenyewe.

Nilikuwa naunda ndege. Si ya kupanda mtu. Ni ndege ya urefu wa mkono na nusu, yenye mota ndogo puani na betri tumboni, ya kurushwa kwa rimoti. Mbavu za mabawa yake zilikuwa kumi na sita: nane za bawa la kushoto, nane za bawa la kulia, kila moja nyembamba kama ukucha.

Na kwa kuwa nimejifundisha kutunga mashairi, bila mwalimu ila masikio yangu, sikuweza kuziacha zile mbavu tupu. Mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane huku na mizani nane kule, kama mabawa mawili ya kiwiliwili kimoja. Nikachukua penseli. Ukwapi nikauandika kwenye mbavu za kushoto, utao kwenye mbavu za kulia. Mishororo minane, beti mbili. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa sifa za macho na mwendo, sitaurudia hapa. Wa pili ndio uliobeba mzigo:

*Nimekuweka moyoni, kamwe sitarudi nyuma,*
*Jina lako mdomoni, laniunguza kwa homa,*
*Siulizi kwa jirani, wala simtumi mama,*
*Nijibu basi mwendani, neno moja tu la hima.*

Kisha nikayapeleka mabawa kwa Yusra, binti wa Mzee Mwero, ayavike hariri. Ndege ya namna hii hufunikwa kwa kitambaa chepesi, kikabanwa kwa gundi na kupakwa vanishi mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Katika Munje yetu hakuna mshonaji mwenye mkono mwepesi kama wake. Hiyo ndiyo sababu niliyomweleza shangazi yake, ambaye Yusra hushonea nyumbani kwake, aliponifungulia mlango. Sababu nyingine ilikuwa imeandikwa ndani.

Siku tatu sikupata usingizi wa maana. Kila cherehani iliyolia kijijini niliisikia kama inasoma.

Alikuja siku ya nne, Jumatatu, baada ya alasiri. Hakuingia. Binti wa watu haingii karakana ya kijana peke yake. Alikaa barazani, mlango wazi, njia nzima ikituona, akafungua leso aliyoyafungia mabawa. Hariri ilikuwa ya zambarau iliyopauka, rangi ya ua la mbilingani. Jua lilipopita ndani yake, likaacha kivuli cha rangi hiyo hiyo mapajani mwake, na mimi nikasahau kumkaribisha.

"Umeitoa wapi hariri hii?" nikauliza.

"Baki za nguo yangu ya Idi."

"Nguo yako ya Idi uivishe ndege yangu?"

"Baki, nimesema. Usijitukuze."

Nikanyoosha mkono kulipokea bawa la kulia. Hakuliachia mara moja. Kwa pumzi moja au mbili tulikuwa tumelishika sote, yeye ncha, mimi shina, na baina yetu mbavu nane zenye siri. Aliinua macho. Yusra ana macho yasiyo na haraka. Yakikutazama, unajihisi unapimwa kwa utepe, mabega, kifua, mpaka moyo.

"Umelikaza vizuri," nikasema.

"Nimepaka vanishi mara tatu. Harufu imemfanya shangazi aumwe kichwa."

"Mpe pole zangu."

"Zimefika."

Kuku akapita barazani, akatutazama, akaenda zake.

"Umeyaona?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Unajua nini."

"Nimeona mbavu, nimezivika. Si ndiyo kazi uliyonipa?"

"Yusra."

"Bee."

"Umeyasoma?"

Akaugeuza uso kutazama njia. Nikaona shavu lake linavyopigana na tabasamu, na tabasamu likashinda upande mmoja. "Nimeyasoma mpaka penseli yako imenihamia vidoleni."

Laiti dunia ingesimama hapo! Ningeshukuru, ningemsamehe kila mtu. Lakini mimi sijui kuliacha jambo zuri lilale.

"Basi nijibu."

"Nikuulize kwanza." Tabasamu likaondoka. "Mshororo wa tatu wa ubeti wa mwisho. 'Wala simtumi mama.' Umeuandika kwa kutafuta kina, au ndivyo ulivyo?"

"Mimi sitafuti vina. Vina hunitafuta mimi."

"Kwa hiyo ndivyo ulivyo."

"Ndivyo nilivyo. Na sababu unaijua."

Aliijua, na Munje nzima iliijua. Mwaka jana nilichonga kitanda cha harusi ya kaka yake. Kilipotolewa uani, Mzee Mwero alikizunguka, akakipigapiga, kisha akasema mbele ya wageni: "Fundi hodari huyu, lakini kichwani mwake mnavuma upepo tu." Watu wakacheka. Nikaapa mguu wangu hautavuka kizingiti chake, wala wa mtu wangu yeyote.

"Baba alikuwa anatania," Yusra akasema.

"Watu arubaini walicheka."

"Na wewe umebeba vicheko vya watu arubaini mwaka mzima. Huchoki, Kheri?"

"Ningekuwa mtu wa kuchoka, nisingejifundisha kutunga."

Akaanza kuikunja leso yake, pindo juu ya pindo. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini sana. "Swabir ametuma watu. Wajomba zake watatu, wamevaa kanzu, wamekuja kwa adabu. Baba amewaambia atawajibu Ijumaa baada ya swala."

Swabir ana duka la simu Ukunda. Hana baya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Swabir hawezi kutunga hata mshororo mmoja!"

"Hawezi. Lakini mlango wetu ameuona."

"Basi kaolewe na waonao milango!"

Neno lilitoka, na nilipolisikia nilitaka kulikimbilia na kulikamata kwa meno. Yusra alisimama. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Shairi lililofungiwa ndani ya bawa linasomwa na nani, Kheri?" akasema. "Na mimi na mchwa. Sote wawili hatuwezi kukuposea."

Akaenda. Kile kivuli cha zambarau nilikiona machoni mwangu mpaka jua likatua.

Kesho yake, Jumanne, Johnstone alikuwa na mapumziko. Alifika na pikipiki yake kutoka Diani, akanikuta nimekwisha kuyafunga mabawa kwenye kiwiliwili, nimekwisha kuchaji betri, sijanywa hata chai.

"Cheki hii kitu!" akasema, akiizunguka ndege. "Kheri, umeua. Lakini tupime balansi kwanza. Ishike na vidole viwili chini ya mabawa, tuone kama inalalia pua ama mkia."

"Nimeijenga mimi. Naijua."

"Buda, upepo haujui nani ameijenga."

"Johnstone, usinitajie upepo leo."

Alinitazama, akabeba rimoti. Tukaenda hadi uwanja wa mpira, ule uliopakana na shamba la mihogo la Mzee Mwero. Mahali pengine penye nafasi hapakuwapo. Au palikuwapo, na mimi nilitaka aione.

Nikaipokea rimoti, mota ikaimba. Ndege ikakimbia juu ya nyasi hatua kumi, kumi na mbili, kisha ikaacha kuwa kitu changu. Ikapanda. Nawaambieni, hakuna ndoto iliyowahi kunipa kilichonipa alasiri ile. Hariri ilipokea jua lote. Juu ya nyasi kavu kikawa kinateleza kivuli chepesi, nacho kikanipitia usoni, na kwa nukta moja nilikuwa ndani ya rangi ya nguo yake ya Idi. Juu kule yalikuwa yakiruka maneno yangu, ukwapi kushoto, utao kulia, yakimtaja kwa Mola wake. Nilimwona Yusra amesimama kando yangu, mkono juu ya paji la uso, akicheka. Hakuwapo. Lakini nilimwona.

"Imelalia mkia!" Johnstone akapiga kelele. "Kheri, shusha pua! Shusha!"

Nikashusha. Pua haikutii. Ilizidi kuinuka, ikiinuka, kama mtu anayekataa kutazama alipokanyaga, mpaka ndege ikawa imesimama angani, haina mwendo. Ikatulia hapo kitambo. Kisha bawa la kulia likainama, na yote ikaja chini.

Ilianguka katikati ya mihogo. Nilipofika, Mzee Mwero alikuwa ameegemea jembe, na mkononi ana bawa la kulia, limevunjika, hariri imechanika kutoka shina mpaka ncha.

"Shikamoo, Mzee." Ilinitoka yenyewe. Mwaka mzima nilikuwa nampita njiani kwa kuangalia minazi.

"Marahaba. Hiki chako?"

"Changu."

Alitoa miwani mfukoni, akaivaa bila haraka. Hapo nikajua binti yake ameyarithi wapi yale macho. Akaligeuza bawa kwenye mwanga.

"'Kamwe sitarudi nyuma,'" akasoma. "Haya. 'Laniunguza kwa homa.' Pole. 'Wala simtumi mama.'" Akasimama hapo. Akaishusha miwani mpaka ncha ya pua. "Kwa nini humtumi?"

Nyuma yangu Johnstone akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

"Ni shairi tu, Mzee."

"Naona ni shairi. Mie nauliza mama amekosa nini."

Nikainama kuokota vipande vya balsa. Mimi, ambaye vina hunitafuta.

"Tena ni nusu," Mzee akaendelea. "Linaanzia katikati, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa dirisha." Akaisugua hariri baina ya kidole gumba na cha shahada, mara moja, mara ya pili, na uso wake ukabadilika. "Hariri hii nimeinunua mimi. Mombasa. Kwa ajili ya Idi."

Nilisikia majani ya mihogo yakisuguana. Johnstone alikuwa amegundua jambo la kutazama katika kiatu chake.

"Mzee, mimi—"

"Nusu ya kushoto ibaki kwako," akasema. "Hii naondoka nayo."

"Lakini bawa ni langu."

"Na hariri je?"

Akaliweka bawa kwapani, jembe begani, akaenda. Nilidhani nitaona hasira katika mgongo wake. Niliuona mgongo tu, wa baba wa mtu, umechoka na jua.

Jumatano sikufungua karakana. Mama yangu, Bi Maimuna, ambaye tangu baba afariki amenilea kwa maneno machache yaliyonolewa, aliniletea uji mlangoni.

"Nasikia Mzee Mwero anauliza mimi nimekosa nini."

"Nani amekwambia?"

"Johnstone. Na wengine sita."

"Mama, naomba tusizungumze."

"Mimi sizungumzi, nangoja uji upoe." Akaketi. Kwetu mama ndiye hutangulia kubisha hodi, kisha wazee humfuata. Na mama yangu alikuwa ameniuliza tangu mwezi wa Shaabani, 'Unanituma lini?', kila Jumatano, kama mtu anayeuliza bei ya nazi. Siku ile hakuuliza. "Baba yako," akasema, "alipokuja kuniposa, babu yako alimtukana mbele ya kuku na mbuzi."

"Alimtukanaje?"

"Sisemi. Ana heshima zake kaburini. Lakini wiki ya pili alirudi, na shati lile lile, amelifua." Akainuka. "Kunywa uji."

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nimeketi na lile bawa la kushoto mbele yangu, nikisoma maneno yasiyofika popote, mlango ulipofunikwa na kivuli.

"Hodi."

Mzee Mwero hakuwahi kupiga hodi kwangu. Nilisimama hata stuli ikaanguka.

"Karibu, Mzee. Shikamoo. Karibu ndani."

"Marahaba. Sikai." Aliweka juu ya meza ya kazi kitu kilichofungwa kwa leso ninayoijua. "Nimeambiwa nikurudishie. Limefungwa hivyo hivyo, sijalifungua. Mie kusoma barua ya mtu mara moja ni bahati mbaya, mara mbili ni utovu wa adabu."

"Mzee, maneno yale—"

"Ngoja." Alitia mkono mfukoni, akatoa chubwi, ile risasi ndogo ya kuzamishia mshipi, akaiweka kando ya leso. "Ndege sizijui. Nilikuwa natazama juzi. Pua yake haina uzito, ndiyo maana ilikuwa inajiinua bure. Itie hii." Akasita. "Hicho kitanda ulichokichonga, mwanangu anakilalia mpaka leo hakijalia hata kidogo. Kisha niliwaambia watu vichwani mwa mafundi wote wazuri mnavuma upepo. Wewe ulisikia nusu."

"Nilisikia nusu?"

"Ulikuwa umekwisha kugeuka."

Akashuka barazani. Akaenda bila kuaga, kama mtu aliyepitia tu.

Niliifungua leso. Bawa lilikuwa zima. Mbavu zilizovunjika zilikuwa zimeungwa kwa gundi na kuzungushiwa uzi mwembamba, kazi safi kushinda yangu, nakiri. Hariri ilikuwa mpya. Lakini upande wa chini Yusra hakuibana kwa gundi wala hakuipaka vanishi. Alikuwa ameipiga bandi tu, mishono mirefu ya uzi mwekundu, ile ambayo mshonaji huipiga akijua kwamba itafumuliwa.

Nikafumua. Mbavu nne za mwisho zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa mpaka maneno yangu yakafutika. Juu yake palikuwa na mwandiko mwingine, mdogo, ulionyooka kama pindo.

Nikalishika bawa la kushoto kwa mkono wa kushoto, la kulia kwa mkono wa kulia. Nikasoma kwa sauti, peke yangu, katikati ya vumbi la mbao:

*Nimekuweka moyoni, nami vivyo ninasema,*
*Jina lako mdomoni, kalitaje kwa heshima,*
*Siulizi kwa jirani, namngoja wako mama,*
*Nijibu basi mwendani, Ijumaa ni hatima.*

Mizani nane, zote. Vina vyangu mwenyewe, na hakunikosea hata kimoja. Nani alimfundisha? Nililisoma tena. Nikalisoma mpaka sauti yangu na yake zikawa hazitengani, yangu ikianza, yake ikimaliza.

Jua lilikuwa limebakiza saa mbili hivi. Niliitia chubwi puani mwa ndege, nikaifunga mabawa yote mawili, nikaiinua kwa vidole viwili kama alivyoniambia Johnstone. Ilitikisika. Kisha pua ikashuka kidogo, kwa upole, kama mtu anayetoa salamu kwa mkubwa wake. Ikatulia hapo.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda uani, anachambua mchele. Nilikuwa nimekimbia, na maneno yalikuwa yamebaki njiani. Alinitazama tu, vidole havikuacha kuchambua.

"Mama," nikasema. "Nakutuma."

Akaweka ungo chini. Akainua pindo la dera lake, nikaona viatu vyake vya Idi, vimekwisha kufungwa. Buibui lilikuwa limekunjwa nyuma yake, limepigwa pasi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Mzee Mwero apite hapa kuuliza kama uko karakanani. Mtu hatembei Munje nzima na bawa mkononi bure." Akaninyooshea mkono. "Nisaidie nisimame, magoti yamekufa kwa kukungoja."

Nikampa mikono yote miwili.